Kwenda Durban Kutazama Taa Zinazogeuka

Niliuza ng'ombe mmoja, jike, tena wa maziwa, ili nipate nauli ya kwenda Durban kutazama taa za gari. Si kununua. Kutazama. Mke wangu aliniuliza mara tatu kama amesikia vizuri, na nilipomwambia amesikia vizuri, alikaa chini palepale mlangoni na ungo wake mkononi. Nawaambia mapema ili msije mkadhani nilikuwa na biashara ya maana huko.

Chanzo chake ni hiki. Nilipokuwa kijana, kabla sijaanza kuendesha malori ya nyanya na vitunguu kati ya Ruaha Mbuyuni na Iringa, nilikuwa dereva wa mtaalamu mmoja wa maji, Mfaransa, aliyekuja na gari la kwao. Lilikuwa na pua ndefu, bapa. Ukiliwasha, lilijiinua nyuma kwanza, kisha mbele, kama ng'ombe anapoamka. Puani, nyuma ya vioo, kulikuwa na taa mbili kila upande, na zile za ndani zilifuata usukani. Ukikata kulia, zinatazama kulia. Ukikata kushoto, zinatazama kushoto. Aliyewahi kupanda mlima wa Kitonga usiku atanielewa. Pale kwenye kona, taa za gari la kawaida humulika bonde, huku barabara yenyewe imeshakwenda upande mwingine gizani, na dereva anakata kona kwa kumbukumbu na dua. Gari lile lilikuwa likichungulia kona kabla hujaifikia. Nililiendesha msimu mmoja tu, Mfaransa akaondoka nalo, na katika Iringa nzima hakuna mtu mwingine aliyekaa ndani yake usiku.

Habari hiyo niliisimulia gerejini, mbele ya fundi Gama. Gama ni Mngoni wa Songea, mimi ni Mhehe, na wasioujua utani wetu niwaeleze kwa kifupi: babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na tangu hapo Mngoni ana ruhusa ya kumsema Mhehe popote, hata msibani, na Mhehe haruhusiwi kukasirika. Kadhalika Mhehe kwa Mngoni. Gama aliichukua habari ya taa akaifanya shamba lake. Akaniita Mzee Taa. Kwenye harusi za watu alisimama akaeleza jinsi nilivyoendesha gari linalokonyeza wanawake njiani. Msibani alisema marehemu amekufa akingoja kuliona. Watu walicheka, nami nikacheka, maana ndiyo sheria.

Lakini miaka ilivyopita, maneno yale yalitoka kwenye utani yakaingia kwenye sifa yangu. Nikisema daraja limekatika huko mbele, madereva wanaulizana, "Kasema nani? Mzee Taa?" kisha wanakwenda kujionea wenyewe. Siku moja nilikuwa namweleza binti yangu Neema jambo la kawaida kabisa, habari za mvua niliyoikuta Mbeya, naye akatabasamu na kutazama pembeni. Niliumia. Neema alikuwa ameshaposwa, harusi imepangwa baada ya mavuno, na nilijua kwamba siku hiyo Gama atasimama mbele ya wakwe zetu wa Mafinga awakabidhi bibi harusi pamoja na baba mwongo.

Ndipo tajiri mwenye malori alipotaka giaboksi, na Gama akatumwa kuifuata Durban kwa Mkongo mmoja, Papa Ilunga, mwenye karakana eneo la viwanda la Mobeni. Gama alimpigia simu kutoka posta, nami nilikuwa nimemsindikiza. Walipomaliza habari ya giaboksi, hakuweza kujizuia.

"Papa, hapa tuna mzee anasema aliendesha gari ambalo taa zake zinageuka pamoja na usukani!"

Sauti ya Ilunga ilisikika mpaka nje ya kibanda. "Na weye unacheka nini? Ile gari iko. Bazungu ya Lubumbashi balikuwa nayo. Hata hapa Durban iko moya, ya muzee wa Chatsworth. Mimi njo minaitengenezaka!"

Gama alitundika simu taratibu. "Hata Wakongo nao wanaongopa," akasema, lakini uso ulikuwa umembadilika.

Tulipatana siku hiyohiyo mbele ya mashahidi wa gerejini. Tunakwenda wote wawili. Akiziona taa zikigeuka kwa macho yake mwenyewe, atasimama harusini kwa Neema na kutangaza kwamba mwongo ni yeye. Asipoziona, nitasimama mimi. Nikaenda kumtafuta mnunuzi wa ng'ombe.

Tunduma tulifika jua likiwa kali. Afisa wa mpakani alimwuliza Gama anafuata nini Afrika Kusini. "Giaboksi," akajibu, na muhuri ukapigwa. Ikawa zamu yangu.

"Nakwenda kutazama taa."

"Taa za mji?"

"Za gari."

"Gari lako?"

"Hapana."

"La ndugu yako?"

"Hapana, afisa. Mwenyewe simfahamu."

Afisa akaweka kalamu chini, akamwita mwenzake aje asikie. Nilimwomba Gama anisaidie kueleza. Gama alinitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Afisa," akasema, "mimi mtu huyu simjui." Nilikaa kwenye benchi la mbao mpaka basi lilipopiga honi, na nadhani waliniruhusu kwa sababu walichoka kucheka.

Kutoka Lusaka kwenda Chirundu, na kutoka Chirundu kwenda Harare, sina mengi ya kuwaeleza ila maumivu ya kiuno na jambo moja la ajabu: kadiri tulivyoshuka kusini, ndivyo Gama alivyozidi kuwa Mzulu. Wangoni asili yao ni huko, hilo halina ubishi, walipanda kaskazini zamani za vita. Lakini Gama aliyezaliwa Songea na kukulia chini ya malori ya Iringa alianza kutazama nje ya dirisha kama mwenye shamba anayekagua mipaka yake. Harare alikataa chai kwa sababu haikuwa na ladha ya nyumbani. Beitbridge alishuka kwenye basi kifua mbele.

"Mhehe," akaniambia, "ukifika kwetu uwe na adabu."

"Kwenu?" nikamjibu. "Babu zako walitoka huko mbio bila kutazama nyuma. Sasa unarudi kuwaambia nini? Kwamba mlisahau chungu jikoni?"

Abiria wawili Watanzania waliokaa nyuma yetu walicheka hadi wakapaliwa na mkate. Johannesburg tuliipita tukiwa tumekumbatia mifuko yetu, kisha tukapanda basi lingine likatuteremsha milimani hadi tukaiona bahari.

Durban, asubuhi. Ilikuwa majira yao ya baridi, lakini mji ule una joto lake lenyewe, nami nilikuwa nimevaa sweta mbili. Papa Ilunga alikuwa ametuambia tumngojee Warwick Junction, mahali ambapo soko, madaraja na stendi ya teksi vimekumbatiana, na wao teksi huita yale magari madogo ya abiria. Wabeba mizigo wanakupita na mikokoteni wakipiga mluzi, moshi wa nyama unakuingia machoni. Tulisimama karibu na akina mama wanaouza mizizi na magome ya dawa. Gama aliona wakati wake umefika. Akamwendea mama mmoja mwenye umri wa kutuzaa, akaweka mkono kifuani, akatamka jina lake kama mtu anayeapishwa.

"Gama!"

Yule mama akaacha kufunga mizizi yake. "Gama? Hawu!" Akajipiga kifua mwenyewe. Kumbe naye kwao ni akina Gama. Akamshika mashavu, akamwita kaka yake, bhuti, akaita majirani wote waje kumwona bhuti aliyetoka mbali. Gama aliwamwagia Kingoni chake cha Songea, nao wakawa wanaambulia neno hapa na neno pale, lakini furaha haikuhitaji mkalimani. Aligeuka kunitazama, na mtu yule alikuwa na machozi ya kweli. Nakiri nilimwonea wivu.

Kisha yule mama akaonyesha magunia matatu ya mizizi yaliyotakiwa upande wa pili wa daraja. Mbeba mizigo hulipwa, ndugu habebi kwa malipo. Gama alipanda ngazi za daraja lile na gunia kichwani, akashuka, akarudi, akapanda tena. Mimi nilinunua hindi la kuchemsha nikamfuata nyuma nikila.

"Nyumbani pazuri?" nikamwuliza.

"Nyamaza," ikatoka sauti chini ya gunia.

Papa Ilunga alitukuta Gama akiwa kwenye gunia la tatu. Alikuwa mtu mfupi, mnene, suruali imenyooshwa mpaka unaweza kujikata kwa mikunjo yake, na katika siku zote nilizokaa naye sikuona hata tone la grisi kwenye viatu vyake. "Ba papa, karibuni! Mulifika muzuri? Na huyu eko mgeni, ao bamemupa kazi?" Akatupakia kwenye pikapu yake, tukapita robot nyingi, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani kule, hadi Mobeni kwenye karakana iliyobanwa kati ya bohari mbili. Giaboksi ilikuwa tayari. Lakini mimi sikuwa na haja na giaboksi.

"Na yule mzee wa Chatsworth?"

"Nilimwambia yote. Nilisema bageni banatoka Tanzania juu ya taa zake tu. Bon, alifurahi sana! Alisema atazitayarisha."

Neno hilo, atazitayarisha, lilipita masikioni mwangu bila kunishtua. Nililala kama mtoto.

Kesho yake tulikwenda Chatsworth. Mwenyeji wetu, Mzee Issa, ni mmoja wa wale wanaoitwa Wazanzibari wa Durban. Babu zao walitolewa pwani ya huku kwetu kwa meli, wakakaa karibu na bahari, na baadaye serikali ya ubaguzi ikawahamishia huko Chatsworth katikati ya Wahindi. Alikuwa mrefu, amevaa kanzu nyeupe na kofia, na alikuwa na Kiswahili kichache cha bibi yake, mapengo akiyaziba kwa Kiingereza. Mkewe, Bi Khadija, alituandalia biriani na sambusa za kutosha kijiji, akasimama mlangoni kuhakikisha tunakula. Tulikula, lakini macho yangu yalikuwa uani, kwenye turubai lililofunika kitu chenye pua ndefu.

Mzee Issa akalivuta turubai. Lilikuwa lenyewe. Rangi ya bluu, limefutwa mpaka linang'aa. Akaliwasha, nalo likajiinua nyuma kwanza, kisha mbele. Nilishika ukuta. Zaidi ya miaka ishirini nilikuwa nimebeba kitu hiki kichwani peke yangu, na wakati mwingine, niseme ukweli, hata mimi nilikuwa nimeanza kujitilia shaka.

"Sasa usukani, mzee," nikasema. "Kata kulia."

Akakata kulia. Matairi yakageuka. Taa zikatulia tuli.

"Kushoto."

Kushoto, hali ni ileile. Gama alikuwa amechuchumaa mbele ya gari, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kuku atage.

Mzee Issa alishuka akitabasamu, akagonga kioo kwa ngumi. "Mmeona? Hazitikisiki tena! Zamani nikiosha gari naona zinacheza, this side, that side. Nikasikia wageni wanatoka kwa bibi zetu, mbali, kuja kuona taa zangu. Nikasema, shame, mgeni hawezi kuonyeshwa taa zilizolegea! Nikamwita jirani. Amekata waya zote zile za kuchezesha, ameweka bolti, ameweka gundi ya chuma. Kwa heshima yenu."

Gama akakaa chini kwenye saruji, akalala chali, akacheka hadi paka wa jirani akaruka ukuta. Nilitaka kumpiga teke. Nilitaka kulia. Mzee wa watu alikuwa amesimama mbele yangu, uso umejaa ukarimu, na ukarimu wake umenimaliza.

Nikamweleza polepole. Kwamba hazikuwa zimelegea, zilikuwa zinatazama. Nikamweleza habari ya Kitonga, bonde, na kona. Alisikiliza, lakini alitikisa kichwa. Aibu ameshaiondoa, airudishe tena?

"Mzee, umewahi kuliendesha usiku?"

"Usiku? Kwa macho haya? Maghrib mimi niko msikitini, Isha niko msikitini, baada ya hapo kitandani."

Ndiyo maana! Mtu amekaa na gari lile miaka yote, na hajawahi kuziona taa zake zikifanya kazi. Nikamwambia sina la kuongeza, ila mimi nimeuza ng'ombe nije hapa, na nisipoziona zikigeuka, binti yangu ataolewa akijua baba yake ni mwongo. Bi Khadija, aliyekuwa na Kiswahili pungufu kuliko mumewe, akamwuliza Ilunga nimesema nini, na Ilunga akamtafsiria.

"Issa!" mama akapiga kelele. "Cow, Issa! Ameuza cow!"

"Nimesikia."

"Basi unangoja nini? Eish!"

Tulilipeleka gari Mobeni mchana uleule, Mzee Issa akiliendesha kwa mwendo wa maiti, Bi Khadija kando yake na sambusa zilizobaki. Papa Ilunga akaliingiza ndani, akafungua boneti, akachukua tindo na nyundo aanze pale kwenye gundi. Alimwomba Gama msaada. Gama alikunja mikono.

"Nichimbe kaburi langu mwenyewe? Thubutu."

Akavuta kopo la rangi akalikalia pembeni kama mtazamaji wa mpira. Ilunga, ambaye hakutaka kuchafua shati, alishika tindo kwa ncha za vidole na kugonga. Kipande cha gundi kikaruka. Akagonga tena, kikaruka kipande cha kitu ambacho hakikuwa gundi. Nikaona Gama anajikunyata. Ilunga akainua nyundo mara ya tatu, akalenga karibu kabisa na kioo.

"Acha! Acha, unaua!" Gama alikuwa ameshasimama. "Gari la watu hilo! Nani alikufundisha kushika tindo, mshona viatu? Toka. Toka hapo!"

Ndivyo alivyoingia. Fundi hawezi kuketi akitazama kazi ikiharibiwa, hata kama kazi yenyewe inamharibia yeye. Alilainisha gundi kwa moto mdogo wa gesi, akaikwangua kama mtu anayemkwangua mtoto uji shavuni. Akatoa bolti za jirani moja moja, kila moja na laana yake. Akalala chini, akazitafuta waya zilizokatwa na kuzifuata mpaka zilipoanzia, kwenye usukani. Alipotoka, uso wake ulikuwa mweusi kwa grisi na ulikuwa na kitu kingine ambacho sikupenda kukitaja wakati ule. Alikuwa amekwisha kuelewa.

"Nataka waya za breki ya baiskeli," akasema. "Ndefu, mpya."

Ilunga alitoka mbio akarudi nazo. Jua lilikuwa bado halijatua tulipomaliza, kwa hiyo tukashusha mlango wa chuma, ndani kukawa giza. Niliketi kwenye usukani. Taa zikawaka juu ya ukuta wa mwisho, madoa manne ya mwanga. Nikakata kulia.

Madoa mawili ya ndani yakasogea. Kushoto.

Gama akalipuka. "Naam! Zinageuka! Taa za Kihehe hizi! Unaziambia kulia, zinakwenda kushoto!" Bi Khadija alicheka hadi sambusa ikamtoka mkononi. Lakini Gama mwenyewe alikuwa ameshainama tena chini ya boneti, anang'oa ncha ya waya na kuihamishia upande wa pili wa mkono wa taa, na mikono yake ilikuwa inakwenda haraka kuliko mdomo.

Nikakata tena kulia. Madoa yakaenda kulia. Kushoto, yakaenda kushoto. Nilifanya hivyo mara nyingi, hata sijui ngapi, na hakuna aliyenikataza.

"Ukutani tu hapo," akasema Gama. "Nataka barabara."

Jioni, Chatsworth. Majira yale giza huingia mapema kule, watu walikuwa bado wanarudi kutoka kazini. Nyumba za Chatsworth zimepanda vilimani, na barabara inajipinda katikati yake. Mimi nilikuwa kwenye usukani, Mzee Issa, aliyetoka kuswali Maghrib, kando yangu ameshika dashibodi, Gama na Ilunga nyuma. Bi Khadija alibaki nyumbani kupika chakula kingine. Tukaanza kupanda. Kona ya kwanza ikaja. Taa za nje zikamulika uzio wa mtu, kama taa za gari lolote. Zile za ndani zikaingia kona. Zikamwonyesha mama mwenye mifuko ya sokoni anayevuka, hatua nyingi kabla hatujamfikia, nami nikapunguza mwendo, naye akapita bila hata kutugeukia.

"Subhanallah," akasema Mzee Issa. Kisha kwa sauti ya mtoto, "Once more."

Tulirudia. Mzee yule alikuwa akifuata mwanga kwa kidole, huku akisema kwamba hajawahi kuiona barabara yake mwenyewe usiku tangu macho yaanze kumtupa mkono. Niliogopa kumtazama Gama kwenye kioo. Tulipofika kileleni nikasimamisha gari, nikasubiri.

"Rudi tena," akasema Gama.

Nilirudi. Mwenye macho haambiwi tazama. Usiku ule sikumchokoza, kwa sababu furaha niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa mno kuichanganya na utani.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda, maana sasa tulikuwa watatu: mimi, Gama, na giaboksi, ambayo kila mpaka ilifunguliwa, ikachunguzwa na kufungwa. Baada ya Harare nikamsikia Gama ananong'ona, nikadhani anasali. Kumbe anajifunza hotuba yake. Alitaka kuisema vizuri. Mngoni yule ana mabaya mengi, lakini neno lake likishatoka halirudi.

Iringa, siku ya harusi ya Neema. Wakwe wa Mafinga walikuwa wamekaa mstari wa mbele, watu wazito, hawacheki ovyo. Wakati wa watani ulipofika, Gama akasimama kwa suti yake, na uwanja mzima ukaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Aliinua mkono.

"Ndugu zangu, leo sina utani. Nimekuja kusema kweli. Miaka mingi nimemwita mtu huyu mwongo. Mwongo ni mimi. Lile gari lipo. Nimelipanda. Taa zake zinageuka na usukani, nimeziona kwa macho haya mawili."

Kicheko kilichotoka hapo sijawahi kukisikia. Watu walipigana mabegani. Kumbe waliona huo ndio utani mkubwa kuliko wote, Mngoni anamwiga Mhehe! Gama akatoa macho. "Nasema kweli! Nimezishika kwa mikono yangu! Waya zake nilifunga mimi mwenyewe, waya wa breki ya baiskeli!"

"Kumbe ulizifunga mwenyewe!" akapiga kelele dereva mmoja, na pale hata wakwe wa Mafinga wakalegea. Mkwe mkubwa alikuwa anafuta macho kwa leso. Gama alisimama katikati ya uwanja, jasho linamtiririka, anageuka huku na huku. Kisha akanigeukia mimi.

"Waambie! Baba Neema, waambie wewe!"

Uwanja mzima ukanigeukia. Mkwe mkubwa naye akanitazama. "Eti mzee mwenzangu, ni kweli hayo?"

Sasa nisikilizeni. Hilo ndilo neno nililolifuata Durban. Nilikuwa na haki yangu mdomoni, na watu wote niliotaka waisikie wamekaa mbele yangu. Lakini nilimtazama Mngoni yule, nikakumbuka kila harusi na kila msiba, na benchi la Tunduma, na shetani wa utani akanishika mkono.

"Mimi?" nikasema. "Mimi nilikwenda kutazama bahari. Mtu huyu simjui."

Nadhani kicheko kile kilisikika mpaka mtaa wa Kihesa. Tangu saa hiyo Mzee Taa ni Gama. Walimwita hivyo pale pale, na wakwe walinishika mkono kwa heshima kama mtu mwenye busara aliyesafiri na kichaa. Neema peke yake hakucheka. Alipokuja kuniaga, shela ameifunua usoni, aliniinamia sikioni.

"Baba, zinageuka, sivyo?"

"Nani kakwambia?"

"Baba Gama alitaka kulia. Mtu halii kwa ajili ya uongo." Akanitazama sawasawa, bila kutazama pembeni. "Kamwombe radhi."

Jumatatu nilikwenda gerejini. Gama alikuwa chini ya lori anafunga ile giaboksi, miguu tu ndiyo inaonekana. Watani hawaombani radhi, na sikujua maneno yake yanaanzaje, basi nikaanza kwa kukohoa. Alijua ni mimi.

"Juzi sikulala," akasema huko chini. Sikusikia utani katika sauti yake. "Jana pia sikulala. Nasema kweli, na wanacheka. Mke wangu naye anacheka." Spana ikanyamaza. "Siku mbili tu hizi, Mhehe. Wewe miaka yote ile uliwezaje?"

Nilitafuta utani wa kumjibu, maana ndiyo sheria, sikuupata. Nikavua sweta, nikachukua spana nyingine, nikaingia chini ya lori upande wa pili.